Radi Haishuki Peke Yake: Niliyoongea Mwambani Baada ya Ule Mnazi Kupigwa

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi baada ya alasiri, pale uwanja wa mpira Mwambani. Wengi mliniomba niyaandike ili na waliokuwa baharini au sokoni wayapate, basi nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni, na maswali ya mwishoni nayo nimeyaacha humo humo.

Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu. Vijana wenzangu habari za jioni, na nyie watoto mlioniamkia pale njiani, marahaba, kaeni huku mbele msikie vizuri.

Mie ni mtoto wa hapa hapa, nafundisha fizikia Tanga mjini, na sikuja leo kuwapa somo la darasani, nimekuja kwa sababu ya ule mnazi. Wiki mbili zilizopita, ile mvua ya vuli ya jioni, radi imepiga mnazi wa bi mkubwa pale nyuma ya msikiti, na mbuzi watatu waliokuwa wamefungwa kwenye mwembe, hatua kama kumi kutoka kwenye huo mnazi, wakafa papo hapo. Mbuzi hawana jeraha hata moja. Mwembe haujachubuka. Na kijana wetu mmoja aliyekuwa amejibanza kwenye kibanda cha makuti, mbali kidogo, miguu ikamfa ganzi mpaka kiunoni akaanguka chini, baada ya muda ikarudi akainuka. Sasa tangu siku ile maneno yamekuwa mengi, mara radi ile imetumwa, mara mbuzi wamekufa bila alama kwa hiyo kuna mtu, na juzi nimesikia kuna majirani wawili hawaamkiani. Hapo ndo nikasema hapana, lazima nije. Swali la mbuzi lina jibu, ndugu zangu, na jibu lenyewe liko chini ya miguu yetu, ila kulifikia inabidi tuanzie juu kabisa.

Tuanze na barafu. Najua siye hapa barafu tunaijua ya kuwekea samaki tu, lakini nisikilizeni. Kilimanjaro mmeiona, kama si kwa macho basi kwenye picha. Kibo ni mita 5,895 na kileleni kuna barafu, na mlima wenyewe uko karibu na ikweta kama siye tulivyo. Maana yake ukipanda kilomita tano hivi kwenda juu, hapa hapa juu ya minazi yetu, unakuta hewa imeshafika kwenye baridi ya kugandisha maji. Na lile wingu la radi mnalijua, lile linalojijenga upande wa bara mchana wa jua kali, jeupe, linapanda tu kama mlima, halafu kitako chake kinakuja kuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Kitako kipo chini, kilomita moja hivi au hata pungufu, lakini kichwa kinaweza kufika kilomita 15 na kupita. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya wingu lile liko ndani ya friji.

Ndani humo kuna vurugu kubwa. Hewa ya moto inapanda kwa nguvu na inabeba vichembe vyepesi vya barafu kwenda juu, wakati vipunje vizito zaidi, vile vinavyofanana na mvua ya mawe iliyokuwa haijakomaa, vinashuka au vinaning'inia hapo katikati, na humo humo kuna matone ya maji yaliyopoa kupita sifuri ila bado hayajaganda. Vyepesi na vizito vinagongana, mamilioni kwa mamilioni, na kila kikigongana kimoja kinamwachia mwenzie chaji kidogo. Kama hamjawahi kuona chaji, ukipanda Lushoto wakati wa kipupwe, hewa kavu, usiku gizani vua sweta la nailoni uone, utasikia tatata na utaona vicheche. Huku pwani hatuvioni sana maana hewa yetu ina unyevu, chaji inavuja kabla haijajaa. Basi wingu ni hilo sweta, ila lina upana wa kilomita na kilomita.

Vile vyepesi vinapanda na chaji chanya, vile vizito mara nyingi vinabaki na chaji hasi, kwa hiyo katikati ya wingu, kwenye baridi ya nyuzi 10 mpaka 20 chini ya sifuri, linajikusanya kama ziwa la chaji hasi. Na chaji za namna moja zinasukumana, hii ni kanuni. Lile ziwa likipita juu yetu linazisukuma elektroni za ardhini, yaani vile vichembe vidogo mno vyenye chaji hasi, zikimbie, uso wa ardhi unabaki chanya. Yaani wingu linapotembea kuna kivuli cha pili kinatembea nalo huku chini, kivuli kisichoonekana, kinapanda juu ya minazi, juu ya mlingoti wa mashua, juu ya mnara wa simu, juu ya mnara wa msikiti, juu ya kichwa chako wewe uliyesimama katikati ya uwanja.

Kinachowatenganisha hawa wawili ni hewa tu, na hewa ni ngumu kuipasua, hewa kavu ya kawaida inahitaji volti kama milioni tatu kwa kila mita moja ndo ikubali. Na hapa niwaambie jambo ambalo mie mwenyewe linanifurahisha kila nikilifundisha: watafiti wamepeleka maputo yenye vipimo mpaka ndani ya mawingu ya radi na wanachokikuta ni nguvu ya umeme iliyo chini sana ya kiwango hicho, na bado radi inaanza. Wengine wanasema ncha za barafu ndo zinasaidia kuwasha ile cheche ya kwanza, wengine wanataja miale inayotoka anga za mbali, mjadala unaendelea. Watoto mnaonisikiliza, mmoja wenu anaweza kuja kulijibu hili.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndo penyewe.

Kinachotoka kwenye wingu kwanza si ule mwanga mnaouona. Kinatoka kiuzi chembamba, hafifu mno, jicho halikishiki. Wataalamu wana jina lao, mie leo nitakiita mtangulizi. Mtangulizi hashuki moja kwa moja. Anaruka kipande kama mita 50, yaani chukua minazi miwili mirefu uiunganishe, anakaa kidogo, anaruka tena, anakaa, anageuka pembeni, anagawanyika matawi, tawi huku tawi kule, ukimchora anafanana na mizizi ya mkoko. Huko kukaa kidogo ninakokusema ni kama vipande 50 vya sekunde moja iliyokatwa vipande milioni. Ukijumlisha miruko na mapumziko yote, mwendo wake unakuja kama kilomita 200 kwa sekunde, ambayo kwa mstari ulionyooka ni Tanga mpaka Dar kwa sekunde moja. Kutoka kwenye wingu mpaka kwetu anatumia muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho.

Mtu atauliza, mmejuaje kama jicho halioni? Walijua huku huku Afrika. Miaka ya 1930 kulikuwa na mwanafizikia wa Afrika Kusini, Basil Schonland, yeye na wenzake karibu na Johannesburg walitumia kamera maalumu aliyoibuni Mwingereza Charles Boys, kamera yenye sehemu inayozunguka kwa kasi, ili kinachotokea mwanzo na kinachotokea mwisho visiangukie mahali pamoja kwenye picha. Boys mwenyewe alikaa miaka mingi na kamera yake bila kupata alichotaka. Johannesburg kuna radi nyingi, wakapata. Picha zikaonyesha kwanza kiuzi kinashuka hatua kwa hatua, halafu mwanga mkubwa unapanda. Unapanda, jamani. Nitalirudia hilo.

Mtangulizi anaposhuka, njia nzima hajui anamwendea nani. Hana habari na mnazi wa bi mkubwa, hana habari na msikiti wala duka. Anafuata tu pale hewa inapokubali. Akikaribia, zikibaki mita makumi kadhaa tu, pengine mia hivi, ndo vitu vya huku chini vinaanza kumjibu. Siye watu wa Tanga tukipokea mgeni wa harusi hatumsubiri sebuleni, tunatoka mpaka njiani na matarumbeta. Ardhi nayo inafanya hivyo hivyo, kwenye ncha ya mnazi kunatoka kiuzi kinapanda, kwenye mlingoti kingine, kwenye kona ya bati kingine, na kama umesimama uwanjani hata kwenye kichwa chako kinaweza kutoka. Vyote vinapanda kwenda kumlaki mgeni. Atakayemgusa kwanza ndo kapigwa. Wengine wanabaki na nyuzi zao zisizofika popote, ila msidhani wamesalimika kabisa, maana ule mkondo mdogo wa kiuzi kilichopanda bure unapita mwilini na watu wameumia kwa huo peke yake.

Wakishagusana, njia imefunguka, na hapo ndo unakuja ule mwanga. Mwanga unaanzia chini unakwenda juu, kwa kasi kama kilomita laki moja kwa sekunde, yaani theluthi ya kasi ya mwanga wenyewe, kwa sekunde moja ungeizunguka dunia zaidi ya mara mbili. Sasa mtu anachanganyikiwa, umesema chaji hasi inatoka winguni inashuka, halafu unasema radi inapanda, lipi ni lipi? Yote mawili. Nani hapa hajawahi kukaa kwenye foleni ya pantoni pale Pangani ukivuka kwenda Bweni? Magari yamepanga mstari mpaka huko nyuma, yamezima. Geti likifunguliwa anaondoka wa mbele kabisa, halafu wa pili, halafu wa tatu, ule kuondoka kunarudi nyuma kama wimbi mpaka kwenye lori la mwisho huko juu. Magari yanakwenda mbele, mtoni. Kule kuanza kutembea kunakwenda nyuma. Basi elektroni zote zilizojaa kwenye ile njia ya mtangulizi ni magari, ardhi ndo pantoni, za chini zinaingia kwanza, kisha zilizo juu yake, na kila kipande kikianza kutembea kinawaka. Kwa hiyo chaji inashuka na mwanga unapanda, hawapingani.

Mkondo unaopita hapo kwa kawaida ni kama ampea 30,000. Pasi yako ya umeme nyumbani inakula ampea tano. Na unapita kwenye njia nyembamba ya upana wa sentimita chache tu, ndo maana hewa ya humo inafika joto la nyuzi kama 30,000, kama mara tano ya uso wa jua. Hewa ikichemka hivyo kwa ghafla inapasuka, mpasuko huo ndo ngurumo. Inanguruma kwa kujivuta, gurururu, kwa sababu njia ina urefu wa kilomita kadhaa na mlio wa kipande cha karibu unakufikia kabla ya mlio wa kipande cha mbali, ingawa vyote vimepasuka karibu kwa wakati mmoja.

Na mara nyingi haishii hapo. Mmeona umeme unavyopepesa, pa pa pa? Hizo ni radi zinazorudia njia ile ile, njia imeshakuwa ya moto haina haja ya mtangulizi wa kuhangaika tena, inashuka chaji nyingine moja kwa moja na mwanga unapanda tena, mara tatu mara nne kwa kawaida, ndani ya nusu sekunde. Kwa hiyo ule msemo kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili, tuuache, lile jengo refu la New York liitwalo Empire State linapigwa kama mara 20 kila mwaka.

Niseme haraka kuhusu zile zisizokuja chini. Radi nyingi, kama tatu katika kila nne, hazigusi ardhi kabisa, zinaishia ndani ya wingu au zinatoka wingu hili kwenda lile, maana huko juu chanya na hasi zinapakana. Ndo ule umeme mnaouona usiku upande wa milima ya Usambara au baharini kuelekea Pemba, anga linawaka lote bila mlio, mlio upo ila ngurumo ikishapita kilomita 15 au 20 hivi haifiki sikioni. Na zipo chache ambazo zinatoka kule kichwani mwa wingu, kwenye chaji chanya, hizo zinaweza kupiga kilomita 10 na zaidi kutoka ilipo mvua, wewe juu yako kweupe. Hizo ni kali kuliko za kawaida. Ndo maana nasema ukisikia ngurumo, hata kama jua linawaka, wewe tayari uko ndani ya eneo lake.

Haya, turudi kwa mbuzi.

Mkondo ukishaingia kwenye mnazi unapita mpaka kwenye mizizi na kuingia ardhini, na ukifika ardhini haupotei, unasambaa. Mwaga ndoo ya maji uani kwako uone, pale ulipomwaga yamejaa, yanakwenda yakipungua kila upande. Umeme hivyo hivyo, karibu na shina volti ni kubwa mno, ukisogea hatua moja zimepungua, hatua nyingine zimepungua tena. Sasa mbuzi amesimama. Miguu ya mbele iko karibu na mnazi, ya nyuma iko mbali zaidi. Chini ya miguu ya mbele kuna volti nyingi, chini ya ya nyuma kuna chache, tofauti yake inatafuta njia ya kupita, na mwili wa mbuzi unapitisha umeme vizuri kuliko ule mchanga wetu. Unapanda mguu wa mbele, unapita kifuani kwenye moyo, unapita tumboni, unatokea nyuma. Moyo unasimama. Hakuna jeraha kwa sababu hakuna kilichompiga kutoka juu, kimepita chini kwa chini. Ndo maana kwa wafugaji unasikia ng'ombe kumi wamekufa chini ya mti mmoja kwa radi moja, ng'ombe miguu yake imeachana sana.

Na kijana wetu? Yeye ana miguu miwili, umeme ulipanda mguu mmoja ukashukia mwingine, haukufika kwenye moyo. Miguu ikafa ganzi kisha ikarudi, hiyo madaktari wanaijua, inawapata wengi waliokumbwa na radi. Kwa hiyo mbuzi watatu, kijana mmoja, mwembe mzima, vyote vimeelezeka kwa mnazi mmoja na ardhi iliyolowa. Hakuna mtu aliyemtumia mwenzie kitu. Naomba sana, wale majirani wawili, na wako hapa nawaona, leo mtoke mmeshikana mikono.

Najua wazee wangu mmetulea na miiko, tusivae nyekundu mvua ikinyesha, tufunike vioo, na mie bibi yangu alikuwa anafunika kioo kwa kanga na nilimpenda sana kwa jinsi alivyokuwa anahangaika kutulinda. Nguo nyekundu haina lolote, kioo hakina lolote. Lakini angalieni, bibi yangu akishafunika kioo alikuwa anatuita wote ndani, tukae kimya katikati ya nyumba, tusiguse chochote mpaka iishe. Huko kuingia ndani ndo kulikotusalimisha.

Ila ndani ya nini, hilo lina maana. Kibanda cha makuti hakikusaidii, kituo cha bodaboda chenye bati na nguzo nne hakikusaidii, nyumba ya udongo yenye bati juu bila waya wa kwenda ardhini inakulinda kidogo tu, maana radi ikishuka kwenye bati inatafuta njia na inaweza kuruka kutoka kwenye bati au ukutani ikuingie wewe. Nyumba ya tofali yenye mabomba na nyaya za umeme ni bora zaidi, mkondo una pa kupitia, ilimradi wewe usishike bomba, usioge, usichaji simu ukiwa umeishika. Simu peke yake haiiti radi, waya wa chaja ndo tatizo. Daladala au gari lolote la bodi ya chuma ukifunga vioo ni mahali pazuri sana, na si kwa sababu ya matairi, ni ile bodi inaupitisha mkondo nje nje mpaka chini. Bajaji hapana. Bodaboda hapana kabisa. Na chini ya mti, mti wowote, mmeshaona.

Hesabuni. Ukiona mwako anza moja, mbili, tatu, kila sekunde tatu mpaka mlio ni kilomita moja. Mlio ukija wewe uko kwenye 30 au chini ya hapo, ingia ndani, na ukishaingia kaa mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wengi wanapigwa mvua ikishakatika, wametoka kuanua nguo au kurudi uwanjani.

Na mtu akipigwa, mshike. Nasema mshike! Hana umeme mwilini, umeshapita, hatakurusha. Nimeona kwa macho yangu, si hapa, watu wamezunguka mtu wanaogopa kumgusa, dakika zinakwenda. Wengi wanaopigwa na radi wanapona wakisaidiwa upesi. Mara nyingi moyo unarudi wenyewe ila pumzi inachelewa kurudi, na moyo unasimama tena kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo bonyeza kifua katikati, kwa nguvu, kama mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na mpulizie pumzi, usiache mpaka apumue au afikishwe hospitali. Wakiwa wengi, anza na yule anayeonekana kama amekufa. Anayelia ana muda.

La shule, halafu maswali. Januari 2025 kule Bukombe mkoani Geita wanafunzi saba wa sekondari moja walifariki kwa radi. Saba. Wazazi wale waliaga watoto asubuhi kama nyie mnavyoaga. Shule yetu hapa ina madarasa ya bati kwenye mwinuko na haina mtego wa radi. Mtego wenyewe si kitu cha ajabu, ni fimbo ya shaba juu ya paa, waya mnene unaoshuka kwa nje bila kona kali, na eathi, yaani fimbo inayopigiliwa ardhini kuupokea mkondo. Benjamin Franklin alishaufikiria hata kabla ya 1752. Hauiti radi kutoka mbali wala hauifukuzi, wenyewe unatoa kile kiuzi cha kumlaki mgeni kabla ya bati halijatoa, mgeni akishafika anaonyeshwa njia ya nje nje mpaka ardhini. Kazi kubwa ni eathi. Ardhi yetu hii ni mchanga na jiwe la matumbawe, haipitishi umeme vizuri, fundi akikwambia anapigilia fimbo moja ya mita moja basi imetosha, mkatalie. Apime na kifaa, lengo ni chini ya omu 10, omu ni kipimo cha jinsi umeme unavyozuiwa kupita, na hapa itabidi fimbo kadhaa zilizounganishwa na pengine waya wa kuzungushia madarasa chini ya udongo. Kamati ya shule nimeshawaachia mchoro.

Aliuliza nahodha mmoja: tukiwa kwenye ngalawa nje huko, hakuna nyumba wala gari, tufanyeje? Kaka yangu, huko wewe na mlingoti ndo kitu kirefu kuliko vyote. Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu la radi linajionyesha saa nzima kabla, ukiliona linajenga kichwa rudi, samaki watakuwepo kesho. Likikuwahi, shusha tanga, laza mlingoti kama unalazika, kaeni chini kabisa katikati ya chombo, mikono isiwe majini. Mashua kubwa isiyoweza kulaza mlingoti, fungeni waya mnene wa shaba kutoka kileleni mpaka kwenye bamba la shaba chini ya maji, na msikae karibu na waya huo.

Mtoto wa kike hapa mbele akauliza kama samaki wanakufa. Swali zuri sana. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kwa wepesi, kwa hiyo mkondo unatawanyika karibu na uso wa maji, samaki walio chini wengi hawasikii kitu. Anayeogelea juu juu, kichwa nje, yuko hatarini, iwe samaki au wewe.

Kijana akasema kwa nini tusiivune tuweke kwenye betri. Radi moja ukiipigia hesabu ni kama yuniti 300 za luku, familia inayotumia yuniti 75 kwa mwezi hiyo ni miezi minne, si haba, lakini nyingi imeshaondoka kama joto na mwanga na mlio huko angani, kinachofika chini ni kidogo, kinafika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na hujui kitafikia wapi. Jua la Mwambani ni rahisi zaidi kulivuna.

Wa mwisho alikuwa bi mkubwa mwenyewe. Akauliza, mwanangu, mnazi wangu niukate au niuache? Nikamwambia mama, mnazi hauna matawi, una mahali pamoja tu pa kukulia, kule kileleni kwenye kichilema, na radi imeingilia hapo. Makuti ya pembeni yakining'inia hiyo si kitu bado, uangalie ule ukuti mchanga wa katikati ambao haujafunguka. Apande mkwezi auvute taratibu. Ukishika, subiri. Ukitoka mkononi umeoza kitako, umekufa, ukatwe upesi kabla chonga, wale wadudu wanaotoboa minazi, hawajazaliana humo wakahamia kwenye mingine. Na ile miwili ya jirani iliyo karibu nao nayo itazamwe kwa wiki kadhaa, maana mkondo ule ule uliopita kwa mbuzi umepita na kwenye mizizi yake. Mkwezi amesema atapanda Jumatatu.